Twende Materuni, sasa hivi

Wanaosema safari tamu ni ile isiyopangwa, mara nyingi si wao walioshika mfuko wa mchango. Mimi ni Mpare, na kwa watani zetu Wachaga hiyo ni sifa tosha ya kunipa uweka hazina wa kila kitu: harusi, msiba, kicheni pati, na siku hiyo safari. Mtu aliyebeba pesa za wenzake huwa macho kuliko wote. Anaona nani analipwa, kwa kazi gani, na nani alishaifanya kazi hiyo kabla hajaulizwa. Ndiyo maana nikisikia rafiki zangu wakisimulia jinsi tulivyokurupuka kwenda maporomoko ya maji ya Materuni bila mpango wowote, nacheka peke yangu. Sisi ndio hatukuwa na mpango. Huko juu walikuwa nao.

Ilikuwa tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru. Mji wa Moshi umeanza kujaa kwa sababu Wachaga wa Dar wameanza kupanda kuja kuhesabiwa, kama tunavyowatania kila mwisho wa mwaka. Duka langu la vitambaa nilikuwa nimelifunga. Tulikaa mgahawani tunakunywa mtori: mimi, shoga yangu muuguzi, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku juzi yake na amepumzika vya kutosha, mumewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, fundi simu wa jirani yangu, Mrombo, yaani Mchaga wa Rombo, mwenye maneno mengi, na binamu yake Shemeji, kijana wa Dar aliyekuja kutembea.

Kijana ndiye aliyeanzisha. Alikuwa anaperuzi simu, akatuonyesha video ya mzungu aliyesimama chini ya maji yanayomwagika kutoka juu ya genge refu.

"Hii wapi?"

"Materuni," fundi akajibu bila hata kuangalia vizuri.

"Ni mbali?"

"Hapo tu, Uru. Kilomita 15 hivi kutoka hapa ulipokaa."

"Mmeshaenda?"

Pakawa kimya. Watu wa Moshi ndivyo tulivyo. Mlima Kilimanjaro tunauona asubuhi ukijifunua, jioni tena ukijifunua, tunawaonyesha wageni Kibo ile pale na Mawenzi ile kule, tunawatajia mita 5,895 kana kwamba tulizipima wenyewe, na kila Desemba tunakumbushana kuwa mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni mwaka 1961. Lakini kwenda huko tumewaachia wageni na wapagazi. Maporomoko nayo tumeyaweka kwenye kundi hilohilo.

Shemeji akasukuma bakuli pembeni. "Twende. Sasa hivi."

Hapo pana jambo moja ambalo wapenda safari za ghafla wanalijua: usimruhusu mtu arudi nyumbani. Akisema "nipitie tu nibadilishe nguo," safari imekufa. Atakuta mgeni sebuleni, atakuta maji yametoka akaanza kufua, atajilaza kidogo. Kwa hiyo tulitoka mgahawani moja kwa moja hadi kwenye Noah ya Shemeji, wote watano, na mchango ukakusanywa garini kabla gari halijawashwa. Nilikataa ahadi. Waliokuwa na pesa kwenye simu niliwapeleka kwa wakala wakatoe, maana huko milimani mtandao unaweza kukuangusha wakati wa kulipa, na noti haiulizi kama kuna mtandao.

Shoga yangu alikuwa na sharti moja tu, tupite duka la dawa. Akanunua bandeji, plasta na dawa ya kusafishia kidonda. Mimi nikanunua maji, mikate na parachichi. Fundi alitaka tununue na ndizi. Tukamwuliza kama ana akili timamu, anakwenda Uru na ndizi mkononi.

Kilichotuchelewesha ni viatu. Kijana wa Dar alikuwa na raba nyeupe zenye soli laini, fundi alikuwa na ndala. Tukazunguka Mbuyuni kwenye mitumba. Muuza viatu, mama mmoja wa makamo, alipowauliza wanakwenda wapi, alizirudisha chini raba alizokuwa amezishika akachukua nyingine, kuukuu kwa juu lakini soli yake ina meno. Akazamisha ukucha wa kidole gumba kati ya meno hayo. "Kucha ikiingia hivi, matope yatakamatika. Isipoingia, utakamata wewe migomba." Kijana alitaka rangi nyingine. Mama akamwambia rangi zote zitakuwa moja akifika. Nilizilipia jozi zote mbili kutoka mfukoni mwa mchango kwa maelewano kwamba watarudisha.

Njia ya Uru inapanda. Ukishaiacha tambarare ya mji, unasikia gari linabadilisha sauti na hewa inabadilika dirishani. Migomba inaanza kusogelea barabara kutoka pande zote, mpaka nyumba huzioni tena ila mabati yake yakimeta katikati ya majani. Kijana aliuliza mashamba yako wapi. Tukamwambia unapita ndani yake. Kihamba cha Mchaga hakina ile sura ya shamba aliyoizoea mtu wa pwani. Juu kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mikahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga, vyote kwenye kieneo ambacho Mpare angejengea nyumba tu. Katikati unapita mfongo, mfereji mdogo wa maji uliochimbwa na mababu kufuata ubavu wa mlima, na kila ukoo una siku yake ya kufungulia maji. Shimbwe Juu, ambayo nayo iko huku huku Uru, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia wa kilimo kwa sababu ya vihamba vya namna hii. Nilimweleza kijana haya yote, naye akasema "sawa dada," akaendelea kutafuta mtandao.

Tulipofika Materuni tulielekezwa kwenye ofisi ndogo pembeni ya njia. Kuna kitabu cha kujiandikisha, kuna kiingilio, na kuna mwongozaji. Mzawa halipi sawa na mgeni, na viwango hubadilika, kwa hiyo sitataja. Ulizia siku hiyo na udai risiti.

Fundi ndipo alipoanza. "Mimi Mchaga. Nipewe mwongozaji kwenye mlima wangu?"

Pembeni alikuwa amekaa bibi mmoja anachambua maharage kwenye ungo. Tukamsalimia, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni." Fundi akaona hapo ndipo pa kuthibitisha uenyeji wake. Akamwagia bibi Kirombo kirefu, kwa kujiamini kabisa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampepeta kwa macho, kisha akasema kwa Kiswahili kizuri tu: "Baba, hicho ni cha kwenu Rombo. Sema Kiswahili tuelewane." Nililipa pesa ya mwongozaji wakati fundi bado anachekwa.

Mwongozaji alikuwa kijana mdogo, amevaa gambuti, mkononi ana fimbo tu. Hakuanza na historia. Alituuliza kwanza nani hajui kuogelea. Wanne tukanyosha mikono. Akauliza nani ana pumu, presha au goti bovu. Akauliza tuna haraka ya kurudi saa ngapi. Kisha akajitenga hatua chache akapiga simu, akaongea Kichaga kwa ufupi, akakata. Nilidhani anamuaga mtu wake.

Kutoka pale mpaka kwenye maji ni mwendo wa kama saa moja kwa watu wanaosimama kupiga picha. Njia inafuata ubavu wa bonde, kushoto ukuta wa udongo na migomba, kulia shimo lenye kijani kibichi mpaka chini usikoona. Sehemu za utelezi zimechongwa ngazi na kuwekewa magogo, na pale njia inapobana pana kizuizi cha miti. Niliugusa mti mmoja, nikaona umefungwa upya si muda mrefu. Nikamwuliza mwongozaji nani anafanya hii kazi.

"Kijiji. Mvua ikibomoa, watu wanatoka."

"Msaragambo?"

Akageuka kuniangalia. "Dada wewe ni wa Same?"

"Mwanga," nikasema, na kuanzia hapo tukawa tunatembea pamoja mbele. Kwetu Upareni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukipigiwa mbiu na usitoke, siku ukifiwa utajua. Kila ngazi niliyokanyaga nikawa naihesabia watu: aliyeleta jembe, aliyekata gogo, aliyelibeba. Walifanya hivyo siku ambayo sisi tulikuwa dukani tunauza, wala hawakutufahamu. Kiingilio kilianza kuonekana kidogo.

Maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Kwanza unadhani ni upepo kwenye migomba. Halafu njia inakata kona, manyunyu yanakupiga usoni, na genge linasimama mbele yako. Huwa inatajwa mita 80 hivi kwenda juu, na mimi sikubishi, shingo yangu ilikubali. Maji hayaanguki kwa pamoja kama kwenye bomba. Yanachanika njiani, mengine yanageuka ukungu kabla hayajafika, na yanayofika yanapiga kidimbwi kwa kishindo ambacho unakisikia kifuani. Mawe yote ya karibu yamevaa utando wa kijani. Shemeji, mtu asiyeongea sana, alivua kofia.

Kabla hatujafanya lolote, mwongozaji akatutaka tupeleke mizigo juu, kwenye mizizi ya mti mmoja mkubwa, mbali kidogo na maji. Tulinung'unika. Kijana wa Dar alitaka begi lake liwe pale kwenye jiwe tambarare ili achukue simu haraka. Mwongozaji hakubishana, alilibeba mwenyewe akalipandisha.

Maji ni ya baridi kiasi kwamba mguu unauma. Kijana alishavua shati anataka kuruka, shoga yangu akamshika mkono. Uuguzi ulimpanda kichwani hapo hapo. Alimweleza kuwa mwili ukizama ghafla kwenye maji ya baridi, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Hata anayejua kuogelea yanamkuta. Akamwamuru alowe mikono, halafu uso, halafu kifua, asubiri pumzi itulie, ndipo aingie taratibu mpaka kiunoni. Kijana alitii kama mgonjwa wa wodini. Tulibaki ukingoni sote, tukirushiana maji na kupiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia.

Lakini kijana alikuwa na picha yake kichwani. Alitaka asimame palepale aliposimama mzungu wa kwenye video, chini kabisa ya maji.

"Leo hapana," mwongozaji akasema.

"Mbona yeye alisimama?"

Akaomba aione hiyo video. Akaitazama sekunde chache tu. "Hii ni Februari, kiangazi. Ona ukuta huu wa kushoto ni mkavu. Leo uko wapi?"

Tukaangalia. Ukuta wa kushoto wote ulikuwa unatiririka. Akaeleza kwamba maji yanapokuwa mengi hayashuki peke yake, yanashusha mawe na matawi, na jiwe la ukubwa wa ngumi likitoka juu kule halikuulizi umetoka Dar au Ulaya. Sijui ni mara ngapi nimewaona watu wakipanga safari kwa kutumia picha ya mtu mwingine. Picha haina mwezi. Sehemu ileile, Februari ni ukumbi wa kupigia picha, Aprili wakati wa masika ni mahali pa kusimama mbali.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Sisi tulikuwa tunatazama maporomoko. Mwongozaji alikuwa anatazama chini, pembeni ya kidimbwi, kwenye jiwe moja jeusi ambalo kichwa chake kilikuwa nje ya maji. Niliona anavyolirudia. Anacheka na fundi, anamuelekeza Shemeji pa kukanyaga, halafu macho yanarudi pale. Simu yake ikaita, akaangalia ni nani, hakupokea. Akaweka vidole mdomoni akapiga mluzi mkali, akatuonyesha mkono: tokeni.

Anga juu yetu ilikuwa ya bluu. Jua linawaka kwenye majani ya juu ya genge. Fundi akasema, "Bado dakika tano, kaka." Mwongozaji hakurudia maneno. Aliingia majini akamshika kijana mkono akamtoa, akarudi akamshika fundi. Tulipanda mpaka kwenye mizizi ya ule mti, tumelowa, tumekasirika kidogo, na mimi kama mshika pesa nikiwaza kwamba tumelipia zaidi ya hapo.

Kwanza yalikuja majani. Majani mabichi, mengi, yakizunguka kidimbwini. Vikafuata vijiti. Harufu ikabadilika, ikawa ya udongo uliofukuliwa. Kisha yale maji meupe ya juu yakaanza kuingia rangi, na muda si muda yakawa kama chai ya maziwa. Kishindo kiliongezeka mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Nililitafuta jiwe jeusi sikuliona. Nililitafuta na lile tambarare ambalo kijana alitaka kuweka begi lake, nalo maji yalikuwa yanalipanda, yanateremka, yanapanda tena, hadi hayakushuka tena. Kijana alilikumbatia begi lake kifuani. Hakuna aliyempiga mwenzake picha.

Tulipofika mbali kidogo ambako mtu anaweza kusikika, nikamwuliza alijuaje. Akaniambia ile simu ya mwanzo hakuwa anaaga mtu. Ana mjomba wake anayekaa juu, karibu na mpaka wa msitu. Kabla hajashusha wageni wakati wa vuli na masika, humpigia kumwuliza hali ya huko. Siku hiyo mjomba alisema kuna wingu lakini halijadondosha. Wakakubaliana kwamba likidondosha, mjomba abipu. Hakuna haja ya kupokea. Bipu yenyewe ndiyo taarifa.

Nimeishi chini ya mlima huu miaka mingi nikiamini kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji. Wengi tunaamini hivyo, tunaona kofia nyeupe juu na maji chini, tunaunganisha. Kumbe maji mengi yanatoka kwenye msitu. Upande huu wa kusini ndio unaopokea mvua nyingi, na msitu ndio unaoinyonya na kuiachia polepole kwenye mito na mifongo. Ikinyesha nyingi kwa mara moja, udongo unashiba, yanayobaki yanafuata makorongo, na makorongo ya huku yana mteremko mkali. Mvua inaweza kunyesha huko usikokuona, wewe uko juani, na maji yake yakakufikia kabla ya wingu lenyewe. Mjini tunauliza "kunanyesha?" tukiangalia dirishani kwetu. Watu wa mabondeni wanauliza juu kunasemaje.

Shemeji alimpa mkono mwongozaji akaushikilia muda mrefu. Fundi Mrombo hakusema tena habari za mlima wake.

Wakati wa kurudi tulipita kwa yule bibi. Kumbe maharage yalikuwa ya pembeni tu, kazi yake hasa ni kuwaandalia wageni kahawa, na alikuwa ameshaweka moto. Alianza na kahawa kavu yenye ganda. Unaitia kwenye kinu unatwanga, si kwa nguvu, kwa kuangusha mchi ili ganda livunjike na punje ibaki nzima. Kisha ungo. Bibi alipepeta mara chache maganda yote yakaruka. Alipompa kijana, ziliruka punje maganda yakabaki. Baada ya hapo chungu juu ya mafiga matatu, na mwiko hausimami. Punje zinatoka kwenye kijivu zinakuwa njano, halafu rangi ya mti, halafu zinaanza kulia kidogokidogo. Bibi hakuangalia saa wala rangi. Alisikiliza. Zilipolia mara ya pili akaipua chungu, akazimwaga kwenye kinu, na hapo ikawa ni kuimba na kutwanga kwa zamu mpaka upatikane unga. Harufu ile ilitukausha nguo, nasema kweli.

Tulipokunywa, bila sukari, bibi alitusimulia kwamba mikahawa hii ndiyo iliyosomesha watoto wake wote. Wazee wa huku walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, enzi ambazo kilo ya kahawa ilikuwa na heshima. Bei zilipoanguka, jirani zake waling'oa. Yeye hakung'oa. "Ukipanda nyanya unakula mwaka huu," alisema, "mkahawa nimeukuta na nitauacha." Alipotaja bei ya pakiti nikatoa pesa sikupunguza hata shilingi, na anayewajua Wapare ajue hiyo ni habari ya ukurasa wa mbele. Tukaaga, "Aika mae," yaani asante mama, neno ambalo hata fundi alikuwa na uhakika nalo.

Mbege ilikuwepo pia, ya ndizi na ulezi, inanyweka kwa kata. Wasioendesha walionja. Fundi alionja sana. Shemeji alikunywa maji.

Tuliondoka saa kumi na nusu, na hilo nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kwenda. Huku kwetu jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, linazama haraka, na ukungu wa milimani haungoji lizame. Shemeji alishuka kwa gia ndogo muda wote, hakukalia breki. Kuna gari lilitupita kwa kasi kwenye kona mbili za mwanzo, tukalikuta mbele limesimama, tairi zinanuka moto na abiria wako nje wanapunga kanga.

Kama miguu yako haitaki mwendo wa saa nzima, Marangu kuna Kinukamori, karibu na Marangu Mtoni, unashuka ngazi chache tu uko kwenye maji. Ndoro nayo iko hukohuko. Wa Arusha wana Napuru kwenye mitelemko ya Meru. Uliza tu ni nani aliye juu, na kama simu yake ina chaji.

Mahesabu niliyafunga usiku uleule nikamrudishia kila mtu chenji yake kwenye simu, isipokuwa wenye viatu. Kijana alilipa. Fundi anasema zile raba ni mali ya kikundi.

Januari Shemeji alikuja dukani na hamu zake zilezile, Jumapili mchana, funguo mkononi: twende tena, sasa hivi. Nikamwambia subiri. Nikampigia yule mwongozaji, naye akaniambia nisikate, akampigia mjomba wake kwa simu nyingine, nikawa nawasikia wakiongea Kichaga. Akarudi hewani. "Dada, leo kaeni huko huko. Njooni Jumanne." Jumanne mimi nina duka na shoga yangu yuko zamu. Shemeji alirudisha funguo mfukoni, akavuta kiti, akaniuliza kama nimeshakula.